Mwitikaji Kaburini: Sanamu za Misri ya Kale na Maneno ya Kuzitaja

Upande wa kaskazini wa piramidi ya ngazi ya Saqqara, kusini ya mji wa Cairo, pana chumba kidogo cha mawe kisicho na mlango. Chumba hicho kimeinamia nyuma kidogo, na katika ukuta wake wa mbele mmetobolewa matundu mawili madogo, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Wachimbaji walioongozwa na Mwingereza Cecil Firth walipokifikia katika msimu wa 1924 na 1925, walikuta ndani yake ameketi mfalme Djoser wa nasaba ya tatu, aliyetawala yapata mwaka 2650 KK. Ni mfalme wa jiwe la chokaa lililopakwa rangi, mwenye kimo cha sentimita 142, na katika kitako chake limechongwa jina la Netjerikhet, ambalo ndilo alilojulikana nalo zama zake. Hilo la Djoser ni la vizazi vilivyofuata. Macho yake ya kupachikwa yalikwisha kung'olewa na wezi. Sanamu yenyewe ilipelekwa katika Jumba la Makumbusho la Misri jijini Cairo, na mahali pake pakawekwa nakala, ambayo mtalii huichungulia kupitia matundu yale yale.

Kuchungulia huko ni kinyume cha dhamira ya waliojenga. Matundu hayakutobolewa ili watu watazame ndani bali aliyemo atazame nje, kuelekea zile nyota za kaskazini ambazo hazichwi na ambazo Wamisri waliziita zisizoangamia, na ili moshi wa ubani na sauti za wanaoleta sadaka zimfikie. Chumba cha namna hiyo wanaakiolojia hukiita serdabu, neno walilolichukua kwa wafanyakazi wa Kimisri, ambalo Kiarabu nacho kililichukua Uajemi kwa maana ya chumba cha chini penye ubaridi. Serdabu nyingi ziliwekwa katika makaburi ya wakubwa huko Giza na Saqqara, yale yaitwayo mastaba, yaani kwa Kiarabu cha Misri kile ambacho watu wa pwani ya Afrika Mashariki hukiita baraza. Katika kaburi la Rawer, ambalo Selim Hassan wa Chuo Kikuu cha Cairo alilichimbua huko Giza, zilikuwamo sanamu zaidi ya 100 za mtu mmoja. Nyingi zilifungiwa mahali pasipofikiwa na jicho la binadamu. Kwa hiyo maelezo ya mkato yanayoziita sanamu hizi mapambo ya kaburi hayawezi kusimama. Pambo lisiloonekana si pambo.

Basi ni kitu gani? Swali hili ni la historia, lakini kwa anayeandika Kiswahili ni la lugha vile vile, kwa sababu kila neno analolishika lina tabia zake. Sanamu ni neno lililotokana na Kiarabu, na huko lilikotoka linataja hasa kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Kiswahili kililipanua hata likabeba picha, mfano na umbo la aina yoyote, lakini harufu ya asili haijalitoka. Maneno ibada ya sanamu yakitamkwa, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya maelezo. Kinyago nacho kina ulimwengu wake wa jando, ngoma na vitisho, na kina methali yake mashuhuri isemayo kwamba aliyekichonga hakimtishi. Methali hiyo imejengwa juu ya imani kwamba mchongaji anajua kuliko wote kuwa kile ni mti tu. Wamisri walifikiri kinyume chake. Kwao mchongaji ndiye aliyejua kuliko wote kuwa si jiwe tu.

Msamiati wao unashuhudia. Neno tut, lililotumiwa sana kwa sanamu, lina maana ya mfano au mlingano. Kitendo cha kuichonga mara nyingi kilitajwa kwa kitenzi mes, ambacho ndicho kilichotumiwa kwa mwanamke anayezaa. Sanamu ilizaliwa karakanani. Na mchongaji aliitwa sankh. Ndani ya neno hilo mna ankh, uhai, ambayo alama yake ya msalaba wenye kitanzi inafahamika hata kwa wasiosoma hieroglifi, na mbele yake imetangulia s, kiambishi cha kusababisha. Sankh ni afanyaye kitu kiishi. Kiswahili hakihitaji kuzunguka ili kulitafsiri neno hili, kwa maana kinacho kitenzi hui na kauli yake ya kutendesha huisha. Mchongaji wa Misri alikuwa mhuishaji.

Ulinganifu huo wa kauli ya kutendesha si ushahidi wa udugu. Kimisri cha kale ni cha jamii ya Kiafro-Asia, Kiswahili ni cha Kibantu, na lugha nyingi za dunia zisizojuana hata kidogo zina njia ya kutendesha. Tangu kongamano la UNESCO lililofanyika Cairo mwaka 1974, ambako Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walitetea kwa nguvu uhusiano wa Kimisri na lugha nyingine za Afrika, wamekuwapo wapenzi wengi wa kuokota silabi na kuzioanisha. Uokotaji huo una hatari ya pekee katika Kimisri, kwa kuwa maandishi yake, yaliyofumbuliwa na Champollion mwaka 1822, hayaonyeshi irabu. Silabi ka ambayo wasomi huitamka kwa urahisi ni makubaliano yao tu; ni konsonanti mbili, na ya pili si irabu hata kidogo. Anayeilinganisha na -ka- ya Kiswahili analinganisha Kiswahili na tabia za maprofesa.

Hiyo ka ndiyo kiini cha jambo. Huandikwa kwa alama ya mikono miwili iliyoinuliwa, na ni nguvu inayomfanya mtu awe hai. Katika hekalu la Luxor, na katika lile la Hatshepsut huko Deir el-Bahri, mungu Khnum ameonyeshwa akimfinyanga mtoto wa kifalme juu ya gurudumu la mfinyanzi, na pembeni mwa mtoto akimfinyanga mwingine anayefanana naye kabisa: huyo wa pili ni ka yake. Mtu akifa husemwa amekwenda kwa ka yake. Lakini ka haiachi kuhitaji chakula, na neno kau, ambalo kwa sura ni wingi wa ka, ndilo neno la vyakula.

Wafasiri wa Kiswahili kwa kawaida huitafsiri ka kuwa roho. Tafsiri hiyo inaharibu kila kinachofuata. Roho ya Kiswahili, iwe ya Waislamu au ya Wakristo, humtoka mtu na kwenda zake. Haikai kaburini ikingoja mkate, na mtu akimwekea sanamu ya kukalia atakuwa amekosea dini mbili kwa pamoja. Mzimu unakaribia zaidi, maana mzimu una mahali pake, hutambikiwa, na usipokumbukwa hutokea madhara. Hata hivyo mzimu huanza pale uhai unapokoma, ilhali ka huanza siku moja na mtoto. Pacha lingefaa kwa ile picha ya Khnum, lakini pacha ni mtu mwingine mwenye maisha yake. Yaelekea njia ya salama ni kuliacha neno lenyewe, kama Kiswahili kilivyoyaacha maneno mengi ya wageni yalipokuwa na jambo lao, na kulieleza mara ya kwanza linapotokea.

Ka ilihitaji mwili. Mwili wa kwanza ulikuwa ule wenyewe, uliokaushwa kwa magadi na kufungwa sanda kwa ustadi uliokua kwa karne nyingi. (Kiswahili kina mumiani, neno la ukoo mmoja na lile ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa maiti hizi, asili yake ikiwa dawa nyeusi mfano wa lami. Lakini Afrika Mashariki mumiani amekwisha kuwa mnyonya damu wa uvumi, na haiwezekani tena kumrudisha kaburini.) Mwili huo huweza kuoza, kuchomwa au kuibwa. Jiwe halikuwa rahisi kuharibika. Sanamu ilikuwa mwili wa akiba. Mwaka 1894 Jacques de Morgan alimkuta huko Dahshur mfalme Hor wa nasaba ya 13, wa mti, mwenye kimo kinachokaribia cha mtu mzima, akiwa na ile mikono miwili ya alama ya ka imesimama juu ya kichwa chake. Hapo maandishi na umbo ni kitu kimoja: sanamu imevaa neno linaloieleza. Na wale watu wawili weusi waliosimama kuelekeana mbele ya mlango uliofungwa katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, wanajulikana duniani kote kuwa ni walinzi. Maandishi yaliyo juu ya mmoja wao yanasema jingine. Yanamtaja kuwa ni ka ya mfalme.

Mwili wa jiwe hauwi mwili mpaka ufanyiwe jambo. Jambo hilo Wamisri waliliita wepet-ra, na hapa Kiswahili kinapata bahati ambayo lugha nyingi hazina, kwa sababu tafsiri ya neno kwa neno ni kufungua kinywa. Mswahili hufungua kinywa asubuhi kwa uji au chai, na hufungua kinywa anaposema baada ya kunyamaza. Kitendo cha Kimisri kilikusudia hayo yote mawili: ile sanamu iweze kula, na iweze kusema. Katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, waziri wa karne ya 15 KK, hatua za ibada hiyo zimechorwa kwa mfuatano mrefu, na mtaalamu wa Kijerumani Eberhard Otto, alipochapisha maandishi yake yote mwaka 1960, alizihesabu kuwa 75. Chombo kikuu ni tezo. Ndiyo tezo hiyo hiyo ambayo seremala wa pwani huchongea mataruma ya jahazi, ingawa ya makuhani iliweza kuwa na ncha ya chuma kilichoanguka kutoka angani. Kuhani aitwaye sem, mwenye kuvaa ngozi ya chui, aliigusisha midomoni. Huyo sem alisimama mahali pa mwana wa marehemu; katika ukuta wa kaburi la Tutankhamun anayefanya kazi hiyo ni Ay, mrithi wa kiti.

Hatua za mwanzo za ibada hii hazisomwi sana, nazo ndizo zenye mengi. Sem huketi amejifunika, kama aliyelala. Huamshwa, na huwaeleza mafundi kile alichokiona, naye amemwona baba yake. Kisha mafundi huanza kuchonga, na sem hulalamika: ni nani huyu anayempiga baba yangu? Kuchonga ni kupiga. Nyundo na patasi zinatua juu ya mtu ambaye tayari yumo ndani ya jiwe. Tezo iliyomuumiza ndiyo inayokuja baadaye kumfungua kinywa.

Tangu hapo sarufi ya Kiswahili inamtaka mwandishi achague upande. Aya ya kwanza ya maelezo haya imesema kwamba ndani ya chumba ameketi Djoser, na hakuna msomaji aliyeshtuka. Sentensi chache baadaye imesema sanamu yenyewe ilipelekwa Cairo, na hapo pia hakuna aliyeshtuka. Kiambishi kimebadilika, na kwa kubadilika kwake mfalme amekuwa kitu. Lugha zenye kiwakilishi kimoja cha vitu na kingine cha watu zinalo tatizo hilo, lakini katika Kiswahili haliishii katika kiwakilishi. Linaingia katika kitenzi, kivumishi na kimilikishi. Waandishi wa Kiswahili wanalifahamu kwa mfano wa maiti. Maiti amezikwa, husema wengine. Maiti imezikwa, husema wengine, na wote ni wasemaji wazuri. Tofauti haiko katika ujuzi wa sarufi. Iko katika swali la kama yule aliyelala pale bado ni fulani. Marehemu hana utata huo, huwa a- daima, kwa kuwa ni mtu anayekumbukwa. Mzimu, ambao hula na kukasirika, umebaki katika u-i pamoja na miti.

Kimisri cha kale hakikuwa na shida hii. Kilikuwa na jinsia mbili tu, ya kiume na ya kike, na tut ni neno la kiume. Kiwakilishi kilichomtaja Djoser na kilichoitaja sanamu ya Djoser vilikuwa kimoja. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kueleza imani ile kwa uaminifu angeweza kuandika sanamu iliyochongwa kwa hatua za karakanani, na sanamu aliyefunguliwa kinywa kwa zile zinazofuata. Wahariri wengi watalisahihisha. Lakini ngano za Kiswahili zimezoea kuvipa vitu upatanisho wa watu pindi vinapoanza kusema, wala hakuna mtoto aliyewahi kuhitaji maelezo.

Si wasomi peke yao waliobabaishwa na mpaka huo. Mwaka 1860 wafanyakazi wa Auguste Mariette walifukua huko Saqqara mtu wa mti wa mkuyu, mnene, mwenye kichwa kisicho na nywele na macho ya kupachikwa. Alikuwa Ka-aper, mkubwa aliyeishi miaka zaidi ya 4,000 kabla yao. Wafanyakazi walimtambua mara moja: ni jumbe wa kijiji chao. Jina la Sheikh el-Beled, yaani mkuu wa kijiji, halijamwacha mpaka leo. Mwaka 1871 huko Meidum, katika kaburi la Rahotep na mkewe Nofret, Albert Daninos alimtanguliza kibarua mmoja aingie na mshumaa. Mwanga ulipoyafikia macho ya bilauri yakamrudishia mng'aro, naye akatoka mbio. Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama kichekesho cha mtu asiyesoma. Haistahili kucheka. Macho yale yalitengenezwa kwa ustadi ili yafanye hasa kilichotokea, na huyo kibarua ndiye mtu wa kwanza baada ya maelfu ya miaka kuyasoma kama yalivyoandikwa.

Hata hivyo sura haikuwa ndiyo kitambulisho. Nyuso nyingi za sanamu hizi zinafanana, za vijana wenye afya, kwa maana hakuna anayechagua kuishi milele akiwa mgonjwa. Mfano unaotofautiana ni wa Seneb, mtu mwenye umbile la kibete aliyekuwa na vyeo vikubwa, aliyekutwa Giza na Hermann Junker katika miaka ya 1920. Ameketi amekunja miguu kando ya mkewe, na mahali ambapo miguu ya mtu mwingine ingeteremka wamesimama watoto wao wawili. Mchongaji hakumrefusha. Alimpanga. Kilichomtofautisha mtu na mtu katika sanamu kilikuwa jina lililochongwa, ndiyo sababu mfalme kama Ramses II aliweza kuzitwaa sanamu za waliomtangulia kwa kubadili maandishi tu. Jina likifutwa, jiwe linakuwa halina mwenyewe.

Jina lilihitaji pia kutamkwa. Sadaka ya maneno iliitwa peret-kheru, kutoka kwa sauti. Juu ya milango ya makaburi marehemu humwomba mpita njia amtajie mikate, pombe, ng'ombe na ndege, elfu kwa elfu, na baadhi humkumbusha kwamba hatagharimika chochote isipokuwa pumzi ya kinywa chake. Wataalamu wa isimu wa karne ya 20 waliandika sana juu ya usemi unaotenda jambo kwa kusemwa tu. Makaburi ya Misri yaliutegemea usemi huo kwa mlo.

Lakini mtu hali mkate usiosagwa. Katika makaburi ya zama za piramidi, pembeni ya sanamu za wenye kaburi, huonekana wanawake wa mawe waliopiga magoti wakisaga nafaka na wanaume wanaochuja pombe. Baadaye watumishi hao walihamia katika vibanda vya mti vilivyojaa watu wadogo. Mwaka 1920, Herbert Winlock wa jumba la Metropolitan la New York aliona ufa katika kaburi la Meketre huko Thebes ambalo lilikwisha kuporwa, na nyuma yake akakuta mifano 24 ya mti: ghala ambamo makarani wanaandika hesabu, karakana ya useremala, wafumaji, jiko la mikate, mashua, na baraza ambapo Meketre anahesabu ng'ombe wake. Mifano hiyo iligawanywa baina ya Cairo na New York. Ni hazina ya historia ya kazi, pengine kuliko ya kifo.

Ndipo akaingia yule ambaye Kiswahili kina la kusema juu yake kuliko wote. Ushabti ni sanamu ndogo, aghalabu ya kushikika mkononi, iliyofungwa sanda. Zile za mwanzo, za yapata mwaka 2000 KK, zilikuwa za nta, moja moja, na zililazwa katika majeneza yao madogo. Zilitaja jina la mwenye kaburi. Zilikuwa ni yeye. Baadaye zilichongewa maneno ambayo leo huhesabiwa kuwa sura ya 6 ya kile kiitwacho Kitabu cha Wafu. Maneno hayo yanaeleza kwamba huko Konde la Matete, ambako wafu wema hukaa, kuna kazi: kulima mashamba, kumwagilia kingo, kuvusha mchanga kutoka upande mmoja wa mto hadi mwingine. Ndiyo kazi ya lazima ambayo dola ya Misri iliwatoza watu wake. Marehemu akiitwa kwa zamu yake, ushabti anaagizwa atangulie kusema kwamba yupo.

Asili ya jina hilo ina utata. Maandishi ya zamani zaidi yana shabti na shawabti, na wapo waliolihusisha na aina ya mti. Lakini Wamisri wa zama za mwisho walilisikia ndani yake kitenzi wesheb, kujibu, na kwa Kiingereza na Kifaransa sanamu hizi zimeitwa wenye kujibu. Tafsiri ya Kiswahili ikifuata njia hiyo na kuandika mjibu, itakuwa imepoteza alichoagizwa. Anayejibu amepewa swali. Ushabti hapewi swali. Anaitwa jina, tena si lake, naye hutoa sauti ya kukubali kuwa ndiye na kuwa tayari. Kiswahili kinatenganisha matendo hayo mawili kwa ukali. Mtoto anayeitwa na mama yake kutoka uani hajibu, bali huitika: naam, labeka, bee. Ushabti ni mwitikaji.

Na katika kuitika kwa niaba ndimo historia yake nzito ilimo. Kwanza aliyeitika alikuwa mtu mwenyewe katika umbo jingine. Tangu nasaba ya 18 alianza kuchongwa ameshika jembe na kikapu. Kisha wakaongezeka. Tutankhamun alikuwa nao 413: wafanya kazi 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, wasimamizi 36, mmoja kwa kila kundi la watu kumi, na wengine 12 wa miezi. Seti I alikuwa nao zaidi ya 700. Wasimamizi walipewa mjeledi, na baadhi yao walivuliwa sanda wakavikwa shuka ya mtu aliye hai. Kilichoanza kama nafsi kimekuwa kikosi, na kikosi kimepata mnyapara.

Hapo mfasiri anakabiliwa na maneno matatu. Mtumishi ni neno la heshima, hata kuhani hulikubali. Mtumwa, kwa asili yake ya kauli ya kutendwa, ni yule tu aliyetumwa, lakini historia ya pwani imelijaza mnyororo na soko. Kibarua lilitokana na kikaratasi, barua ndogo, na linamtaja anayelipwa ujira wa siku, ingawa Unguja ya karne ya 19 iliwajua vibarua ambao walikuwa watumwa wa watu na ujira wao uligawanywa na bwana. Lipi lifaalo? Maandishi ya Wamisri wenyewe yanavutana vivyo hivyo. Katika mafunjo mamoja yaliyohifadhiwa katika jumba la British Museum, yaliyochapishwa na I. E. S. Edwards mwaka 1971, fundi mkuu wa hirizi anakiri kupokea fedha ya ushabti 365 na wasimamizi wao 36, jumla 401, anawataja kuwa ni watumwa wanaume kwa wanawake, kisha anawageukia na kuwaagiza waende kazini, kwa kuwa wamekwisha kulipiwa. Na mwanamke wa cheo kikubwa, Neskhons wa nasaba ya 21, alifanyiwa jambo la ajabu zaidi: mungu Amun alitoa amri kwamba malipo waliyopewa mafundi yahesabiwe kuwa ujira wa ushabti wenyewe, ili wasipate hoja ya kukataa kumfanyia kazi.

Amri hiyo haingekuwa na haja kama hakuna aliyewaza kwamba vile vijisanamu vya rangi ya buluu vinaweza kugoma. Mtu aliyeishi katika nchi ya kazi za lazima alifahamu kwamba kila anayeitika anaweza pia kunyamaza. Mtanzania atakayemfikiria msukule hapa atakuwa ameona kitu, lakini msukule hunyang'anywa ulimi asiweze kusema, na thamani yote ya ushabti ilikuwa katika sauti yake.

Desturi hii haikubaki Misri. Taharqa, mfalme wa Kush aliyetawala na Misri pia hadi mwaka 664 KK, alizikwa Nuri, katika Sudani ya leo, na George Reisner alipolichimbua kaburi lake mwaka 1917 alihesabu ushabti wa mawe zaidi ya 1,070. Hesabu ya siku za mwaka imekwisha kuachwa mbali. Hapo panaonekana jeshi zima la jina moja, kila mmoja tayari kusema kwamba yeye ni Taharqa na yupo.

Kwa kuwa sanamu zilikuwa miili, ziliuawa kama miili. Pua zilivunjwa zisivute pumzi, mikono ikakatwa isipokee, majina yakachimbwa. Si kila kuvunja kulikuwa chuki, hata hivyo. Sanamu za Hatshepsut zilizotupwa mashimoni huko Deir el-Bahri, ingawa ni za hekalu na si za chumba cha kuzikia, kwa muda mrefu zilichukuliwa kuwa ushahidi wa ghadhabu ya Thutmose III. Uchunguzi wa Jun Yi Wong wa Chuo Kikuu cha Toronto, uliochapishwa mwaka 2025, umeonyesha kwamba nyingi zilikatwa kwa utaratibu shingoni, kiunoni na magotini, namna ambayo sanamu za wafalme wengine nazo zilikatwa zilipoondolewa kazini. Wamisri waliojua kufungua kinywa walijua pia kukifunga.

Wengine hawakuvunjwa, walihamishwa. Sekhemka, karani wa nasaba ya tano, alichongwa ameketi na gombo lililokunjuliwa mapajani, mkewe akiwa mguuni pake. Alifika Uingereza katika karne ya 19, akakaa katika makumbusho ya Northampton, na mwezi wa Julai mwaka 2014 halmashauri ya mji ikamwuza mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 15. Misri ilipinga, na wenyeji wengi wa Northampton nao walipinga. Magazeti yaliandika juu ya bei, juu ya sheria na juu ya mnunuzi ambaye hakutajwa jina. Juu ya gombo hayakuandika mengi. Gombo lile limeandikwa. Ni orodha ya sadaka, mikate na pombe na vinginevyo, iliyowekwa pale ili mtu yeyote anayepita mbele yake aisome kwa sauti.